Figo Eko

Wanawake wa soko walikuja kwenye msiba wa Mama Feli na mawese. Kila mmoja alileta chupa yake, na kwa kuwa ilikuwa majira ya baridi, mafuta yalikuwa yameganda, hayamiminiki hata ukipindua chupa. Wakazipanga juani kando ya ukuta wa jikoni zipate kuyeyuka, ndipo wakaketi kulia. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikiziangalia. Jua la Kolwezi wakati huo wa mwaka lina mwanga mwingi kuliko joto, na lilichukua asubuhi nzima kuyafungua yale mafuta, kuanzia pembeni, taratibu, mpaka kila chupa ikabaki na kipande kimoja kinachoelea katikati. Mwanamke mmoja akaniuliza kwa nini nacheka ilhali marehemu ni mama yangu mdogo, aliyenilea. Sikujua kwamba nacheka. Nikamwambia nawaza mambo ya zamani, na hiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa nimerudi kwenye mwaka niliokuwa na miaka kumi na tisa, mwaka ambao neno moja tu, mafuta, lilikaribia kuniua, kisha likaniokoa, na mara zote mbili aliyeling'ang'ania alikuwa ni Mama Feli.

Mwaka ule siukumbuki kama watu wanavyokumbuka miaka yao, jambo hili likifuata lile. Naukumbuka kwa vyumba na harufu. Tangu utotoni nilikuwa na maradhi ambayo kwetu watu huyaita ya kuanguka, kwa kuogopa kulitaja jina la kifafa, na nilikuwa nikimeza vidonge vya kuyazuia. Vidonge vilizuia kuanguka, lakini viliniachia usingizi mchana kutwa, usingizi mwepesi wa mtu anayesikia kila kitu na asiweze kujibu. Nililala katika chumba cha kati, pamoja na mapipa ya mawese, kwa sababu Mama Feli aliuza mawese sokoni na nyumba yetu haikuwa na ghala lingine. Pazia la mlangoni lilikuwa la kikwembe, kitenge chetu, chekundu, na jua likipita hapo, chumba kizima kilikuwa na rangi ya bidhaa zake. Nikiwa nimelala niliwasikia wateja upande wa pili wakiuliza bei, "Mama Feli, imepanda?" naye akijibu kwa majonzi ya uongo, "Imepanda, mama, mi nitafanya nini?" Mafuta yalikuja kwa treni kutoka Kasai, na treni ilikuwa na tabia ya kukwama kwenye stesheni ya Tenke. Basi Tenke ikawa kama mtu mbaya wa ukoo wetu. "Tenke inakatala," Mama Feli alisema jioni, akiweka sufuria ya bukari, ugali wetu, mezani, na sote tulijua kesho hakuna biashara. Nilidhani maisha yangu yote yangepita hivyo, nyuma ya pazia, na wala hilo halikunisikitisha sana.

Uso wangu nao ulikuwa na habari yake. Nilikuwa na vipele vidogo vyekundu vilivyojipanga pande mbili za pua mpaka mashavuni, haviumi wala haviondoki. Majirani walisema najichubua. Mama Feli aliwajibu, "Huyu hata sabuni ya harufu hajue, mafuta ya kujichubula atatoa wapi?" Aliyevitazama vipele vile bila kucheka wala kusikitika alikuwa Docteur Lydie, daktari mwanamke kijana aliyetoka Lubumbashi, ndio kwanza ameanza kazi hospitali kwetu. Tulikwenda kwake kuchukua vidonge tu. Akanivuta hadi dirishani, akanigeuza uso kwenye mwanga, kisha akaniambia nipandishe sketi kidogo. Juu ya goti nilikuwa na baka jeupe, refu, lenye umbo la jani.

"Hii alama ulizaliwa nayo?"

"Ndiyo, docteur."

"Kuko ingine?"

"Ku mugongo."

Akaliangalia la mgongoni pia, akarudi kuketi, akasema anataka kuziona figo zangu. Mama Feli aliinua mikono. "Docteur, mutoto anaanguka sababu ya kichwa. Figo inaingilia wapi?"

"Mama, mi nafikiri kichwa, ngozi na figo, yote ni shida moja. Tuangalie tu, tuone."

Njia nzima kurudi nyumbani Mama Feli alilalamika kwamba siku hizi ukiumwa jino wanakupima kisigino. Lakini alikuwa mtu wa kuheshimu miadi, na asubuhi tuliyopangiwa tulikwenda, mimi nikiwa sijala, kama nilivyoagizwa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa kwetu watalijua na wengine hawatalijua. Ile mashine ya kutazama ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti, Wafaransa huiita échographie, nasi tumeikata tukaiita eko. Na katika Kiswahili chetu cha Katanga, eko ni neno jingine kabisa. Ndilo "yuko" la watu wengine. Docteur eko? Eko. Basi benchi la eko lilikuwa na mzaha wake wa kila siku, kwa kuwa karibu wote waliokaa pale walikuwa wajawazito. Mwanamke akitoka ndani akijifuta tumbo, wenzake walimuuliza kwa pamoja, "Eko?" naye alijibu, "Eko!" na benchi zima likacheka. Nilikaa katikati yao na njaa yangu na usingizi wangu, nikiona kicheko kinapita juu ya kichwa changu kama ndege. Mama mmoja aliyekuwa akitafuna karanga akanigusa goti. "Yako iko na miezi ngapi, dada?" Mama Feli akamkata, "Huyu ni wa figo." Yule mama akatabasamu kwa upole mwingi, akasema, "Aa, figo," na kabla hatujafika nyumbani mtaa mzima ulikwisha kujua kwamba Mado wa Mama Feli ameonekana kwenye eko.

Chumba chenyewe nakikumbuka vizuri kuliko chumba nilichofungia ndoa. Dirisha lilikuwa limefunikwa kwa kikwembe cha bluu chenye ndege, na mwanga mdogo uliopita uliwafanya ndege wale waonekane wanasogea. Docteur Lydie alinipaka ubavuni kitu baridi, laini, kisha akakipitishia chombo chake taratibu. "Vuta mupepo," alisema. "Kamata. Achilia." Nilivuta, nikakamata, nikaachilia, na kwa njaa na vidonge nilihisi kama sauti yake inatoka ndani yangu mwenyewe. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kitu cha kijivu kinachotembea, kama unga unaopepetwa gizani, na katikati ya unga ule likatokea umbo la haragwe kubwa. Ilikuwa figo yangu. Sikuwahi kufikiri kwamba ninayo. Nilijisikia aibu, kama mtu aliyekaa na mgeni nyumbani miaka yote bila kumsalimu. Upande mmoja wa haragwe lile palikuwa na kitu cheupe, cha mviringo, kinang'aa. Docteur akakipima huku na huku, akahamia figo ya kulia, akapima tena. Nje walikuwa wakicheka, "Eko?" "Eko!" na nikatamani docteur acheke pia.

Alipomaliza alimwita Mama Feli ndani, akasema maneno yake polepole, na mimi niliyasikia yote. "Mama, minaona kitu ya mweupe mu figo ya kushoto, na bingine bidogo ku kuume. Ile rangi ni kama ya mafuta. Leo haiko mubaya, lakini inaweza kuongezeka. Inafaa arudi hapa kisha miezi tatu, tupime tena. Na asibebe bintu bizito." Akampa picha iliyochapwa kwenye karatasi laini. Nilimwona Mama Feli usoni. Kwenye neno mafuta aliachia tabasamu, na maneno mengine yote yakampita. Nani angemlaumu? Kwetu, kumwambia mtu ana mafuta ni kumsifu: amekula, ameshiba, ana amani nyumbani. Aliyekonda ndiye anayeulizwa maswali. Na huyu alikuwa mwanamke ambaye kila sahani iliyofika mezani kwake, na kila daftari la shule nililowahi kushika, lilitokana na mafuta. Akamshika docteur mikono yote miwili, akamwambia, "Aksanti, mama. Aksanti sana."

Jioni ile alichinja kuku. Alipika bukari, sombe, yaani kisamvu, iliyomiminiwa mawese mpaka ikang'aa, na akamwita mpangaji wetu, Dido, kijana mchimbaji, creuseur kama tunavyowaita kwa Kifaransa, kutoka Kasai aliyekodi kijumba cha uani, mwenye vumbi la mgodi kwenye kope hata baada ya kuoga. Picha ya figo yangu ilizunguka mezani, kila mtu akifuta vidole kwanza. "Onesha Dido," alisema Mama Feli. "Batu banasema mutoto yangu eko mugonjwa. Eko na mafuta mpaka mu figo!" Dido aliigeuza picha juu chini, akaisogeza kwenye taa, akasema kwa uzito wa mtu wa kazi, "Mama Feli, mu shimo, mahali inang'aa hivi, njo pa kuchimba." Mama Feli alimpiga kwa kitambaa cha mikono. "Hapa hapana mutu wa kuchimba!" Tulicheka sana. Nilikula mpaka nikashindwa, kisha nikalala palepale mezani, na mara ya mwisho nilipofumbua macho nilimwona akiichomeka ile picha kwenye pembe ya kioo chake, mahali ambapo watu huweka picha za harusi.

Miezi ile mitatu ilipita kwa upole wa kutisha, ingawa kutisha kwake nimekuja kukuona baadaye. Mvua zilikwisha. Mtaani watu walilitazama tumbo langu, na kwa kuwa halikukua, walisema ninalifunga kwa kitambaa. Siku ya kurudi kwa docteur ilipokaribia nilimkumbusha Mama Feli, kwa sauti yangu ya usingizi, na akaniangalia kwa huruma kana kwamba naomba dawa ya kuondoa uzuri. "Mado, mafuta haina dawa. Tutaenda kuambia docteur nini? Apunguze?" Nilijiona mgonjwa wa kichwa, na kichwa kilikuwa kimetulia. Kisha baridi ikaja, mawese yakaanza kuganda ndani ya mapipa na madumu, na kila asubuhi ilibidi madumu yatolewe uani yapate jua. Asubuhi moja Mama Feli alikuwa amekwenda stesheni kuuliza habari za Tenke. Nilibeba dumu moja. Sijui kama ni uzito wake au ilikuwa siku yake tu. Nilipofika katikati ya uwanja, kitu kilipasuka kimya ubavuni kushoto, nikapiga magoti, na dumu likalala kando yangu bila kumwaga hata tone, kwa kuwa mafuta yalikuwa jiwe.

Maumivu yalikuwa makubwa, lakini ninachokumbuka ni mbingu, ilivyokuwa juu na safi. Nilijikokota chooni, nikaona damu kwenye mkojo, nikaita. Jirani aliyekuja mbio alitupa macho mara moja tu, akapiga kelele, "Yo mama! Mimba inatoka!" Dido alinipakia kwenye baiskeli yake ya kubebea magunia, jirani akishikilia miguu yangu, na kwa sababu ya maneno yale tulifika hospitali tukaelekezwa moja kwa moja kwenye uzazi. Mkunga alinipapasa tumbo, akaniuliza kwa upole mtoto eko wapi. Sikuweza kusema. Nilikuwa nikizama, na kuzama kulikuwa kutamu. Wakamtafuta mtoto ambaye hakuwapo huku damu yangu ikienda mahali pengine, mpaka Mama Feli alipoingia kwa kishindo kutoka stesheni, kilemba mkononi. "Hakuna mutoto! Hakuna mutoto pale! Ni figo!" Nadhani ile ndiyo sauti iliyonirudisha. Najua kwamba mkunga alinyanyuka haraka, na kwamba mara ile kitanda changu kilianza kutembea.

Nilihitaji damu, na Dido ndiye aliyefaa. Walimlaza kitanda cha jirani, mkono wake mrefu ukining'inia, na akaniambia, "Sasa utakuwa na damu ya creuseur. Kesho utaanza kuchimba nyumba ya mama yako." Alipita katika maisha yangu kama hivyo, akatoa alichotoa, na baada ya mvua mbili akahamia machimbo mengine. Sijamwona tena. Daktari wa upasuaji alikuwa mzee mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima kwa mashine ya eko, akaona kitu kikubwa kwenye figo ya kushoto na damu imeizunguka, akamwambia Mama Feli waziwazi kwamba ni uvimbe, pengine ule mbaya, na kwamba figo lazima itoke. Mama Feli alitikisa kichwa. "Docteur, benyewe ba hapa balisema ni mafuta. Tangu lini mafuta inaua mutu?"

"Mama," alisema yule mzee, "mi naona damu. Mafuta siione."

"Balisema mafuta! Muulize Docteur Lydie. Mimi siwezi kusahau neno ya kazi yangu!"

Wauguzi walicheka kidogo, si kwa ubaya. Lakini alilirudia neno lile kwa kila aliyepita, kwa wauguzi, kwa mfagiaji, kwa padre aliyekuja kuwaombea wagonjwa, akiwa amekosea kabisa juu ya maana yake na amepatia kabisa juu ya neno lenyewe, mpaka mtu akaenda kumwita Docteur Lydie ili apate kunyamaza.

Mazungumzo yao niliyasikia kupitia pazia, kama nilivyosikia kila kitu mwaka ule. Walisema Kifaransa, na shule ilikuwa imenipa Kifaransa cha kutosha kuelewa. Docteur Lydie alisema aliona ung'avu wa mafuta kabla damu haijafunika kila kitu. Alisema uso wangu, mabaka yangu na kuanguka kwangu vinaelekea kwenye ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, unaootesha vivimbe huku na huku mwilini, na kwamba vya kwenye figo mara nyingi huwa na mafuta ndani na si saratani. Kama kungekuwa na skana, ile mashine kubwa ya kupiga picha za ndani ya mwili, angeonyesha. Yule mzee akauliza swali la haki: skana iko Lubumbashi, barabara ni mashimo matupu, na msichana akivuja damu tena njiani, nani atamzuia? "Na ya kulia nayo ina vidogo," alijibu Docteur Lydie. "Tukiitoa hii leo, halafu ile ikatusaliti kesho, atabaki na nini?" Hakuna aliyeinua sauti. Nilisikia miwani ikiwekwa mezani.

Wakaja wote wawili, wakasimama miguuni pangu, na Mama Feli kichwani. Nilingoja waanze kusemezana juu yangu kama ilivyokuwa kawaida. Lakini yule mzee aliniinamia mimi. "We mwenyewe unasema nini, binti?" Nakumbuka nilitazama nyuma, kana kwamba kuna mtu mwingine kwenye mto. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimesemewa. Nilisemewa kanisani, shuleni, sokoni, mezani. Niliogopa kufa barabarani, na hofu ile ilikuwa kubwa, naisema bila haya. Lakini nililifikiria lile haragwe la kijivu linalopanda na kushuka na pumzi zangu, nililokuwa nimejuana nalo juzi tu, na nikaona uchungu kulitoa bila mtu kuliangalia vizuri.

"Mi nataka baangalie mbele ya kukata," nikasema.

Sauti yangu ilikuwa ngeni hata kwangu. Mama Feli aliweka mkono kinywani. Yule mzee akasema vema, tungoje damu itulie, isipotulia atakata na hatauliza tena.

Siku zile za kungoja Mama Feli hakuiamini hospitali nikilala. Alihofu wataichukua figo kwa siri. Kila asubuhi, kabla ya salamu, alinigusa ubavu na kuuliza, "Figo eko?" Kwa Kiswahili chetu kitu ni iko, na mtu ndiye eko, lakini yeye aliiuliza figo kama mtu aliyelala chumba cha pili. "Eko," nilimjibu. Wauguzi waliupenda mchezo ule, wakawa nao wakipita wanauliza, "Figo eko, dada Mado?" na siku mkojo ulipokuwa mweupe tena, muuguzi mmoja alilitangaza wodi nzima, "Figo ya Mado eko!" na wagonjwa wakapiga makofi bila kujua ni kwa ajili ya nini.

Tulisafiri kwenda Lubumbashi kwa gari la mfanyabiashara, mimi nimelazwa kwenye godoro kati ya magunia ya mahindi, Docteur Lydie mbele, Mama Feli kando yangu akiushikilia ubavu wangu kwa mikono miwili kila tulipoingia shimo. Tulipokaribia upande wa Tenke aliinua kidole kuelekea reli. "We, Tenke," akasema, "leo usikatale." Nilitaka kucheka nikaogopa kucheka. Nilitazama vilima vikipita, vingine vimechimbwa nusu na kubaki vyekundu, na nilikuwa macho kabisa. Ilinishangaza kuona ulimwengu una vitu vingi hivyo.

Skana ilikuwa duara kubwa jeupe katika chumba baridi. Waliniacha peke yangu, na sauti ya mwanamume nisiyemwona ikaniambia kwa Kifaransa nivute pumzi, nishike, niachie. Nilikuwa nimekwisha kuyajua maneno yale kwa Kiswahili, na yalinituliza. Baadaye walituita sote mbele ya picha. Mwenye kuzisoma alikuwa mtu wa haraka, lakini Docteur Lydie alimwambia Mama Feli kila kitu kwa lugha yake. "Unaona hapa, hii myeusi ndani ya figo? Njo mafuta. Haiko cancer. Mishipa ndani yake ilipasuka, njo damu ilitoka. Hatutakata."

Mama Feli alisogea mpaka pua ikakaribia picha. "Kule ilikuwa mweupe. Huku ni myeusi?"

"Mashine mbili, mama, kila moja na macho yake. Kitu ni kimoja."

"Mafuta."

"Mafuta."

"Si nilisema?" Aligeuka kunitazama, uso wake umejaa ushindi. "Si nilisema tangu mwanzo?" Docteur Lydie alimwacha afurahi kwanza. Kisha akamshika mkono, akamweleza, bila ukali wowote, kwamba mafuta yale si ya kushiba, ni uvimbe, kwamba yanaweza kukua na kupasuka tena, na kwamba miezi mitatu aliyoitaja ilikuwa kwa ajili ya hilo. Niliona ushindi ukimtoka Mama Feli pole pole. Akatoka nje kwenye korido, akaketi sakafuni, akavuta kikwembe chake mpaka usoni. Nilipomfikia alikuwa akilia. "Mi nilisikia neno moja tu, Mado," alisema. "Docteur alisema mingi, mi nikakamata paka moja." Niliketi kando yake. Nilimpenda wakati ule kuliko wakati wowote, na nikamwambia hivyo, kwa kuwa nilikuwa nimeanza kuzoea kusema. Nikamwambia pia kwamba asingelikamata lile moja, saa hizi figo yangu ingekuwa kwenye ndoo.

Ugonjwa ulipewa jina, jina refu la Kifaransa ambalo Mama Feli hakulitaja hata siku moja. Vidonge vyangu vilibadilishwa, na usingizi ukaniacha kidogo kidogo, nao pia niliuombolezea kidogo. Nilirudi shuleni, nikajifunza ushonaji, nikaolewa, na hadi leo nina cherehani mbili na vipele vyangu usoni. Na kila mwaka, baridi ikianza, nilikwenda kwenye eko. Mama Feli alinisindikiza kila mara, hata miguu ilipomvimba. Hakuingia ndani tena. Alikaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, akiwagawia karanga, na nilipotoka nikijifuta ubavu alikuwa wa kwanza kuuliza kwa sauti, "Eko?"

"Eko."

"Imepanda?"

"Imekaa palepale." Au mwaka mwingine, "Imepanda kidogo," naye husema, "Kila kitu imepanda, mama," na tunakwenda kula.

Baada ya matanga, wageni walipokwisha kutawanyika na chupa za mawese zimegawiwa, nilikwenda kwenye eko peke yangu. Chumba kimebadilika. Mashine ni mpya, kioo kimetundikwa ukutani, na anayepima ni kijana ambaye huenda hakuwa amezaliwa mwaka ule. "Mama, usiogope," aliniambia, "minaona kitu ya mweupe hapa mu figo." Nikamwambia tunajuana. Alipima, akanionyesha, imekaa palepale. Nikajifuta, nikamshukuru, nikafungua mlango.

Wajawazito walikuwa wamejaa benchi lote isipokuwa nafasi moja mwishoni, karibu na ukuta, alipokuwa akipenda kukaa ili aegemeze mgongo. Walinitazama, wakaona nywele zangu zenye mvi, wakanyamaza kwa adabu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nilisimama mlangoni kidogo, karatasi mkononi, nikingoja, nikijua kabisa kwamba nangoja bure. Kisha nikaenda nikaketi kwenye ile nafasi, nikaegemeza mgongo ukutani, nikaweka mkono ubavuni.

"Eko, mama," nikasema. "Eko."